Chancy Chitete alifia Beni. Sisi tulimuaga lini?



Leo sileti tangazo la mafunzo wala matokeo ya mpira. Ninataka tuongee juu ya askari mmoja aliyekufa. Najua kuna wenzetu watakasirika. Naomba munisome mpaka mwisho, halafu munijibu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Kamanyola. Tarehe 28 Februari 2024 kambi ya Monusco ya pale kwetu ilikabidhiwa polisi ya Congo. Ilikuwa ya kwanza kukabidhiwa katika mpango wa kuondoka Kivu Kusini. Bendera ya Umoja wa Mataifa na bendera ya Pakistan zilishuka, ya Congo ikapanda. Siku zile, kila magari meupe yalipopita, mimi na wenzangu tulisimama kando ya barabara tukapiga kelele: "Muende! Muende kwenu!" Mwenzetu mmoja alirusha gunzi la muhindi. Ndani ya gari kulikuwa askari kijana, labda wa umri wangu. Alituangalia, akainua mkono kama mtu anayeaga kweli. Sisi tukacheka sana.

Mwaka mmoja baadaye vita vilifika bonde la Ruzizi na mimi pia nikavuka Bugarama, begi mgongoni, mdogo wangu mkononi. Hakuna aliyenipigia kelele. Siku hizi ninajitolea hapa kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi cha Nyarushishi. Ninapanga watu kwenye foleni ya maji, ninabebea wazee mizigo, ninatafsiri wakati mtu wa ofisi anaongea Kinyarwanda na mama wa kwetu anajua Kiswahili tu.

Sasa, habari ya askari nimeipata wapi? Nimeipata hapahapa Rwanda, katika mwezi wa Aprili, wakati wenyeji wetu wanakumbuka mauaji ya kimbari yaliyofanyiwa Watutsi. Nyarushishi si mlima wa chai tu kama tunavyouona. Mwaka 1994 maelfu ya Watutsi waliokuwa wanawindwa waliwekwa hapa, wengi wao wakitolewa uwanja wa Kamarampaka kule chini mjini. Mahali tunapopangia mikeka yetu leo, watu wengine walilala wakisubiri kuuawa. Katika mazungumzo ya kumbukumbu, mzee mmoja alitaja jina la Kapteni Mbaye Diagne, mwanajeshi wa Senegal.

Diagne alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, hana kikosi nyuma yake. Mauaji yalipoanza, alificha watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, mama yao akiwa ameuawa. Baada ya hapo aliendelea kupita kwenye vizuizi vya Kigali na gari lake, anabeba watu wachache wachache, anatania wenye mapanga, anawapa sigara, anapita. Aliokoa mamia. Wakati huohuo, tarehe 21 Aprili 1994, Baraza la Usalama kule New York liliamua kupunguza walinzi wa amani wa Rwanda mpaka watu 270. Wakubwa wanapunguza, yeye anaongeza safari. Tarehe 31 Mei kombora lilianguka karibu na gari lake kwenye kizuizi, akafa.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2014, Baraza hilohilo la Usalama liliunda medali ya ushujaa yenye jina lake. Ya kwanza ilipewa familia yake mwaka 2016. Nikajiuliza: baada yake, nani mwingine ameipata? Nikatafuta kwenye simu. Jina la kwanza nililokuta lilikuwa la mtu aliyefia nchini mwetu, na mimi sikuwahi kulisikia hata siku moja.

Jina lenyewe ni Chancy Chitete. Askari wa cheo cha chini kabisa, wa jeshi la Malawi.

Wenzetu wa Beni wanajua vizuri kuliko mimi: tangu Oktoba 2014 watu wa kule wanachinjwa mashambani na majumbani. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ikatangaza Ebola imefika katika eneo hilo, ikawa msiba juu ya msiba, hata waganga walishindwa kufikia vijiji kwa sababu ya risasi. Katikati ya Novemba 2018, walinzi wa amani wa Malawi na Tanzania pamoja na jeshi la Congo walikwenda kushambulia ngome ya ADF sehemu za Kididiwe, karibu na Beni. Vita vikawa vikali. Koplo mmoja wa Tanzania akapigwa risasi, akalala mahali pa wazi, hawezi kusogea. Wenzake walikuwa wanarudi nyuma chini ya moto. Chitete akamwendea. Akamburuta mpaka mahali pa kujificha kidogo, akaanza kumpa huduma ya kwanza ili damu isimalizike. Akiwa katika kazi hiyo, yeye mwenyewe akapigwa. Koplo alipona, na majeraha makubwa. Chitete hakupona.

Siku hizo mbili walinzi wa amani saba walikufa, Wamalawi sita na Mtanzania mmoja. Askari wa Congo pia walikufa, na hao majina yao hayakuandikwa mahali pengi. Nitarudi kwao.

Tarehe 24 Mei 2019, mjini New York, mjane wa Chitete alipokea ile medali ya Kapteni Diagne kutoka kwa Katibu Mkuu António Guterres. Malawi na Senegal zimekutana kwenye kipande kimoja cha chuma, na njia waliyokutania inapita Kigali na Beni. Sisi wa Kivu hatukuwa kwenye sherehe. Sisi ndio ambao mtu alikufa akitutetea, na hata salamu ya pole hatukupeleka.

Kwa hiyo hoja yangu ya leo ni hii: askari anayekufa ugenini ana nyumbani mbili. Kuna nyumbani kwao, wanakomzika. Na kuna pale alipoangukia. Kwao wanafanya sehemu yao ya kumuaga. Sehemu yetu sisi bado hatujaifanya, na ni deni.

Angalieni wenzetu wa Tanzania. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, kwenye barabara ya kutoka Mbau kwenda Kamango, ilishambuliwa jioni, mapigano yakachukua masaa. Walikufa 14 mwanzoni. Wiki moja baadaye majeneza yaliyofunikwa bendera yalipangwa kwenye uwanja wa makao makuu ya jeshi Upanga, Dar es Salaam, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza watu kuwaaga. Wengine walikuwa vijana wa Zanzibar, wakavushwa bahari kwenda kuzikwa visiwani kwao. Nimeangalia zile picha mara nyingi. Mama wa Unguja au Pemba anamlilia mtoto aliyefia mahali panaitwa Semuliki, jina ambalo labda hakuwahi kulitamka kabla ya siku hiyo. Sisi Semuliki tunaijua. Sisi tungeweza kumwambia mto unapita wapi na msitu unaanzia wapi. Hakuna aliyemwambia.

Sasa najua majibu yenu, kwa sababu tayari nimeyasikia jioni kwenye bomba la maji.

La kwanza: "Ule mutu alikuwa analipwa. Wewe unamulilia ya nini?" Ni kweli, alikuwa kazini. Wakati huo, mwishoni mwa 2018, Umoja wa Mataifa ulikuwa unarudishia serikali dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari, na ni serikali yake iliyoamua yeye mwenyewe apate ngapi. Pesa hiyo inanunua askari kusimama kwenye mlango, kupanda gari, kutembea doria. Kurudi kumchukua mtu wa nchi nyingine wakati kila mtu anakimbia, hiyo haiko kwenye mshahara. Hata mganga analipwa, lakini mganga akifa na Ebola akiwa anakutibu utasema "alikuwa analipwa" mbele ya watoto wake?

La pili ni zito zaidi: "Hao watu walishindwa kutulinda." Hapa sitatetea. Miaka zaidi ya 20 walikaa, na watu waliendelea kufa. Julai 2022 vijana waliingia barabarani Goma, Butembo na Uvira, wengine wakafa katika maandamano hayo. Tarehe 31 ya mwezi huohuo, Kasindi mpakani, askari wa kikosi kilekile cha kuingilia kati alichokuwamo Chitete, wakitoka likizo, waliwafyatulia risasi watu na kuua. Guterres mwenyewe alilaani. Mtu aliyepoteza ndugu Kasindi sitamwambia awashe mshumaa kwa kofia za bluu. Sina mdomo huo.

Lakini hebu turudi kwa Diagne. Rwanda inajua kushindwa kwa Umoja wa Mataifa kuliko nchi yoyote. Haikusamehe ule uamuzi wa 270, inausema kila mwaka mbele ya wageni wenyewe. Na bado nchi hiyohiyo ilimpa Diagne nishani ya Umurinzi, mwaka 2010. Haikusema "wote ni wamoja". Ilitenga shirika na mtu. Shirika lijibu maswali yake, na mtu apewe heshima yake. Mimi nadhani tunaweza kujifunza hapo, kwa sababu sisi wakimbizi ndio tunaoumizwa kwanza na neno "wote ni wamoja". Mmoja wetu akiiba kuku, wakimbizi wote ni wezi. Tunalichukia neno hilo likisemwa juu yetu. Basi tusilitumie juu ya kijana wa Malawi.

La tatu ndilo lilinichoma, kwa sababu nami nilikuwa nalo moyoni: "Wafu wetu wenyewe hatujawaaga. Mgeni anatangulia namna gani?"

Hapa inabidi niseme jambo la nyumbani. Mtoto wa baba mkubwa, ambaye mimi namuita kaka, alikuwa askari wa Congo. Jina lake naliacha, kwa sababu mama yake bado yuko ng'ambo ya mto. Alimaliza sekondari, pesa ya chuo ikakosekana, akajiandikisha jeshini. Mara ya mwisho alipokuja likizo aliniachia viatu vyake vya mpira, eti mguu wangu utavifikia tu. Alipelekwa kaskazini. Usiku mmoja namba yake ikapiga simu ya baba mkubwa, na sauti ikawa ya mtu mwingine: "Wewe ni nani wake?"

Mwili haukurudi. Tulikaa kilio siku tatu na picha. Picha yenyewe ilikuwa ya kadi ya shule, tuliipeleka ikakuzwa mpaka uso ukawa na ukungu. Waliiweka kwenye kiti, shati lake limetundikwa nyuma ya kiti. Wamama waliimba, majirani wakaleta makaa na unga, mambo yote ya kilio yalifanyika, ila hapakuwa na kaburi la kwenda. Siku ya tatu, watu wakianza kutawanyika, baba mkubwa aliuliza swali moja tu, hakumuuliza mtu fulani: "Nani alimufunga macho?"

Hakuna aliyejibu. Mpaka leo hakuna jibu. Lakini mimi nimejitengenezea jibu langu ili nilale. Najiambia kulikuwa na mama mmoja wa kijiji kile, hata hamjui, alipita asubuhi, akamuona, akasema "maskini, huyu pia ni mtoto wa mtu", akavua kitenge chake akamfunika. Najiambia mpaka leo, akipita pale, anakumbuka.

Sasa ona. Kama ninataka mama huyo awepo kwa kaka yangu, nani atakuwa mama huyo kwa Chitete? Yeye aliangukia kwetu. Watu wa Malawi hawawezi kupita Kididiwe kila asubuhi. Sisi ndio watu wa pale. Siwezi kuomba wageni wamkumbuke wangu na mimi nikamsahau wao. Ndiyo sababu swali la "nani atangulie" limenitoka. Kumuaga Chitete hakumchelewishi kaka yangu. Kunanifundisha namna ya kumuaga na yeye.

Nafika kwa nyinyi mnaofanya kazi na mashirika. Nawaheshimu, na mengi nimejifunza kwenu. Mnajua kambi ya wakimbizi ni mahali pa raia, mwenye silaha hana nafasi ndani. Kanuni hiyo ni nzuri, inatulinda. Lakini ina kivuli chake. Mama aliyezaa askari anaogopa kulisema. Anaogopa jirani wa hema la pili atauliza: alikuwa wa upande gani? Anaogopa jina la mtoto wake litamletea maswali. Basi anamlia kimya, chini ya shitingi, kama mtu anayeficha kosa. Nimewaona wamama watatu wa namna hiyo tangu nianze kujitolea. Mmoja aliniambia habari ya mwanawe wakati tunangoja maji, alipoona mtu anakuja akageuza maneno, akaanza kulalamikia bei ya maharage.

Sisemi tufanye sherehe za kijeshi kambini. Hapana. Sisemi tuseme nani alikuwa na haki vitani, hiyo siasa inaweza kutuunguza sote. Nasema mzazi apate mahali pa kutaja jina la mtoto wake kwa sauti. Jina tu. Bila kombati, bila cheo, bila upande. Mnapoandika habari za familia na mama akasema "nilikuwa na watoto watano, sasa ni wanne", msiandike nne haraka mkapita. Muulizeni: huyo wa tano aliitwa nani? Haichukui dakika mbili, na karatasi si lazima iwe na nafasi yake.

Pendekezo langu kwa kikundi chetu ni dogo. Tarehe 29 Mei dunia inakumbuka walinzi wa amani, juu ni tarehe hiyo ya mwaka 1948 walipoanza kazi ya kwanza. Tangu wakati huo wamekufa zaidi ya 4,000, wengine katika nchi yetu. Tukutane siku hiyo saa kumi ya mchana, nyuma ya uwanja wa mpira. Hatuhitaji pesa, hatuhitaji vipaza sauti wala fulana. Tutasoma jina la Mbaye Diagne, kwa sababu tuko kwenye udongo wa Rwanda. Tutasoma jina la Chancy Chitete, kwa sababu aliangukia kwetu. Halafu kila anayetaka atataja jina moja la mtu wake, awe alikufa na bunduki, awe alikufa shambani na jembe. Asiyetaka kutaja akae tu na sisi. Aliyeumizwa na kofia za bluu aje pia, na akitaka kusema alivyoumizwa, tutamsikiliza bila kumkatiza.

Halafu tuandike barua moja kwa Wamalawi, kwa Kiswahili chetu hikihiki, rafiki zetu wa ofisi watusaidie kuitafsiri na kuituma. Nimeshaanza mstari wa kwanza: "Sisi ni vijana wa Kivu, tuko ukimbizini Rwanda. Tumechelewa kuwapa pole." Mwenye mwandiko mzuri anitafute.

Na yule askari kijana wa kwenye gari jeupe, aliyeinua mkono tukamcheka, simjui jina wala sijui alikoenda. Natumaini alifika kwao mzima. Kama ningerudishiwa dakika ile, ningeinua mkono na mimi.

Siku ya tarehe 29 nitataja jina la Chitete mwenyewe. Halafu, nikipata nguvu, nitataja na la kaka yangu. Viatu vyake ninavyo, na kweli mguu wangu umevifikia.